Udongo Chini ya Televisheni

Magunia yalikuwa yamekwisha, na udongo ulikuwa bado umefunika miguu ya meza ya televisheni. Mounira aliegemeza beleshi ukutani, akakung'uta kandambili zake, akatoka uani kutafuta kitu kingine cha kubebea. Alirudi na karai la kufulia. Udongo wa asubuhi ile ulikuwa mwekundu uliokolea, wenye ubaridi, na ndani yake mlikuwa na vipande vya mawe meupe ambavyo havipatikani popote mjini Kasongo. Wa juma lililopita ulikuwa na mizizi. Aliona kwamba mizizi imekwisha, akajua kuwa wamekwenda chini.

Alichota kuanzia mlangoni kuelekea mezani. Siku za mwanzo alikuwa akianzia mezani, huku akiukanyaga ule wa mlangoni na kuugandamiza sakafuni, na kuubandua ikawa kazi ya pili. Sasa alikuwa amejua. Alichota, akabeba, akamwaga uani ndani ya uzio wa kamba uliofungwa na watu wa PDG, mwenye shimo la dhahabu, akarudi. Juu ya benchi la wateja Mama Alain alikuwa akipangusa maneti, vile vishikio vya kuchezea, kwa kitambaa kikavu, kibonye kimoja baada ya kingine, kwa sababu vumbi la Lusangi likiingia humo halitoki.

"Leo iko mingi," alisema Mama Alain.

"Jana tulichimba mpaka batri ikakufa."

"Basi tuchimbe vile tena. Mungongo ni ya kuuma tu, itapona."

Nyumba ile ya mchezo ilikuwa ya Ayoubu, mdogo wake Mounira. Aliijenga mwenyewe, chumba kimoja cha matofali nyuma ya nyumba ya mama yao, akapandisha sola juu ya bati, akanunua televisheni iliyokuwa na ufa pembeni. Vijana walikuja baada ya alasiri kucheza mpira. Wakiondoka, Ayoubu alicheza mchezo wake mwenyewe, ambao jina lake refu lilikuwa limeandikwa kwa herufi ambazo hakuna aliyezisoma, na mtaa mzima ukauita Kivuko. Ulihusu askari mmoja anayelinda kivuko kati ya dunia mbili. Mchezaji humlisha, humvika, humpa silaha, humchagulia maneno ya kusema, na kadiri anavyotembea ndivyo anavyopata nguvu. Ayoubu alikuwa amekwisha kuumaliza mara nyingi, hata maadui wa humo aliwasalimia kwanza ndipo akawapiga.

Betri ilipochakaa, alikwenda Lusangi kuchimba dhahabu kwa kiangazi kimoja, apate kununua nyingine. Alishuka katika shimo la mtu aitwaye Bulaimu. PDG ndivyo wachimbaji wanavyomwita mwenye shimo, hata kama ofisi yake ni kiti cha plastiki chini ya turubai.

Kwenye shimo lile mchimbaji hakushuka na shati. Kabla ya kuingia alilivua akalitundika kwenye mti mrefu uliolazwa mdomoni mwa shimo, na akipanda alilivaa. Aliyekuwa juu akiutazama mti alijua nani yuko chini, bila kuita. Mvua za kwanza zikaja usiku, na kesho yake galeri, ile njia ya chini kwa chini, ikaporomoka. Watu wa mashimo mengine walipofika mbio na majembe, walikuta mti mtupu. PDG Bulaimu akawaonyesha.

"Kama wangekuwa ndani, mashati yangekuwa hapa," alisema. "Wale vijana walienda zao machimbo ya upande wa Fizi. Muniache na hasara yangu."

Shimo likafukiwa mdomo, lingine likafunguliwa kando yake. Habari ilifika Kasongo kwa dereva wa pikipiki. Mama yao, Mama Amisa, aliisikiliza mpaka mwisho, akaenda jikoni. Hakukubali mkeka wa matanga utandikwe. Alikwenda kwa imamu mara moja tu, na imamu, mzee asiyependa kumuumiza mtu, alimwambia ukweli: kumwombea Ayoubu si shida, anaombewa kila Ijumaa, lakini kumwita maiti ni jambo jingine. Ama uletwe mwili wake, ama aje mtu mmoja aliyemwona akishuka. Tangu siku ile Mama Amisa alipakua sahani ya wali na sombe kila jioni, akaifunika, akaiweka kwenye kabati. Asubuhi aliwapa kuku.

Mounira aliuza cherehani yake, akanunua betri iliyokwisha kutumika, akafungua nyumba ya mchezo upya ili isife. Hakuwa mchezaji. Alijua kuunga waya na kuwatoa nje wanaotukanana. Kisha Souleymane, mwuza vitenge, akarudi kutoka Bukavu na sehemu ya pili ya Kivuko ndani ya mzigo wake. Ayoubu alikuwa amemwagiza kabla ya kuondoka, naye hakuwa mtu wa kusahau alichoagizwa.

Mounira aliuweka ili ajue tu kama unafanya kazi. Mchezo uliuliza kama kuna askari wa sehemu ya kwanza aliyehifadhiwa. Alikuwepo, na jina lake lilikuwa AYOUBU. Mchezo ukamsoma, ukafikiri kidogo, ukaandika kwamba askari huyo amepita upande wa pili, hajarudi, na kwamba kazi ya mchezaji ni kumtafuta.

Akakaa chini, akashika maneti.

Dunia ya kwanza ilikuwa na majumba ya mawe na watu wenye nywele za njano waliotaka kupigana. Alijifunza polepole, akikosea, akirudia. Vijana wa benchini walimwelekeza kwa makelele, akawasikiliza. Baada ya siku kadhaa alifika kwenye kivuko chenyewe, mto mpana wenye ukungu, akavuka. Alitokea nyuma ya soko la Kasongo.

Vijana walitambua mara moja. Palikuwa na msikiti, palikuwa na njia ya kuteremkia kisimani, na mbuzi mwizi wa hajati mmoja wa mtaani alikuwa akila maboksi. Mmoja wa vijana aliomba apitishwe kwao aone kama na huko paa lao linavuja. Lilikuwa linavuja. Tofauti waliyoiona ni daraja la barabara ya Kabambare, ambalo huko lilikuwa na mbao zake zote.

"Sasa yaya, ule joka tunakutana naye wapi?" aliuliza mwenye paa, akimwita Mounira yaya kwa heshima ya dada mkubwa.

"Sijue," alisema Mounira. "Mimi ninaenda Lusangi."

Alivuka daraja, akatembea. Safari ilichukua alasiri nyingi, kwa sababu betri iliyotumika haikuweza kudumu mpaka saa ya magharibi. Kila siku alilala alipofikia, kesho yake akaendelea. Alipofika kwenye shimo la PDG Bulaimu hapakuwa na mtu. Mdomo ulikuwa umefukiwa kama huku. Lakini mti ulikuwa mahali pake, na juu yake mashati yalikuwa yametundikwa, yamejipanga, yakipeperuka kidogo kila wakati kwa namna moja, kama vitu vinavyopeperuka ndani ya mchezo. La tatu lilikuwa la buluu, na kifungo chake cha juu kilikuwa cheusi. Mounira alikuwa amekishona mwenyewe. Siku ile hakuwa na kifungo cha buluu.

Alimwita mama yake. Mama Amisa alikuja na leso begani, akakaa kwenye benchi, vijana wakampisha pembeni kwa adabu. Alitazama sana.

"Limenyeshewa," alisema. "Mulianue."

Mfuko wa mchezaji ulikuwa umejaa. Kulikuwa na upanga, ngao, vibuyu vya dawa na taji ya mfalme mmoja wa dunia ya kwanza. Mounira alianza kuvitua chini.

"Yaya, hapana! Ule upanga ni wa kuulia joka!"

"Huku hakuna joka."

"Atakuja! Mchezo bila joka ni mchezo gani?"

"Akikuja tutamwambia tumefiwa," alisema Mounira. Mama yake akamtazama kwa lile neno. Mounira alitua upanga, akatua taji, akayaanua mashati moja baada ya jingine. Aliyavusha kivuko, akahifadhi, akazima.

Asubuhi mashati yalikuwa chini ya meza ya televisheni, yamekunjwa, mabichi. Mama Amisa aliyafua kwa sabuni ya kipande, akayaanika, akayapiga pasi ya makaa. Habari ikaenda na pikipiki. Mama Alain alikuja kutoka Wamaza akiwa amekaa juu ya gunia la karanga, akachukua shati la mwanawe Alain, akalivaa juu ya gauni lake, hakulivua tena. Alisema atalala hapo hapo Kasongo, kwa sababu barabara imemvunja kiuno na haoni sababu ya kukivunja mara ya pili kabla hajapata alichokijia.

Mounira alimpelekea imamu shati la buluu. Imamu alilishika kwa mikono miwili, akalirudisha.

"Mwanangu, shati si mutu," alisema. "Na ninasikitika kusema."

Alimpelekea PDG Bulaimu, aliyekuwa amekuja mjini kununua mafuta. PDG hakulishika.

"Mashati kama haya yanauzwa soko yote," alisema. "Na ulitoa wapi? Kwa mchezo. Mimi siwezi kujibu mambo ya mchezo."

Mounira alirudi nyumbani, akafikiri. Mashati yalikuwa yamevuka. Kama mashati yamevuka, mwili nao ungevuka. Ungeonekana asubuhi chini ya meza, angeitwa imamu, ungeoshwa, ungezikwa karibu na baba yao. Alasiri ile alimpeleka mchezaji wake kwenye shimo la Lusangi, akatafuta ndani ya mfuko kitu cha kuchimbia, akapata jembe ambalo vijana walikuwa wakimwambia alitupe tangu dunia ya kwanza. Akaanza.

Udongo wa kwanza ulikuja asubuhi iliyofuata, kiasi cha kujaza sufuria ya sherehe. Alichochimba huko ndicho kilichokuja huku. Majirani waliuomba wakandikie nyumba, naye akawapa. Ulikuwa udongo mzuri, unashika. Nyumba kadhaa za mtaa zikawa nyekundu. Halafu mwanamke mmoja aliyekuwa akinawa mikono baada ya kukandika aliona punje ya dhahabu imebaki chini ya beseni. Hakumwambia mtu ila mumewe, na kufikia adhuhuri mtaa mzima ulikuwa ukinawa mikono.

PDG Bulaimu alifika kabla juma halijaisha, na shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, pamoja naye. Aliingia chumbani, akainama, akachukua donge, akalivunja kwa vidole, akanusa.

"Huu udongo ni wa shimo langu," alisema.

"Umejuaje, PDG?" aliuliza Mounira.

"Mutu hawezi kukosa kujua shimo lake. Huu wa juu, huu wa katikati. Na ukiendelea utaona wenye mawe meupe, ule wa galeri ya kushoto. Ndio wenye dhahabu."

"Na kwa galeri ya kushoto kulikuwa nani?"

"Hakuna mutu."

"Udongo ni wako, lakini watu si wako."

"Udongo niko na makaratasi yake," alisema PDG kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Watu siko na makaratasi yao."

Shefu wa kartie aliyasoma makaratasi pale pale uani, akayakuta sawa. Alieleza kwamba sheria haisemi udongo utoke njia gani. Alieleza pia kwamba Mounira hazuiwi kucheza, maana chumba ni cha kwao na sola ni ya kwao, ila kinachotoka ni cha mwenye shimo. PDG akafunga kamba uani, akaleta watu wa kusafisha dhahabu na mabeseni yao, wakachimba mfereji kupitisha maji karibu na jiko la Mama Amisa. Waliokwisha kukandika nyumba walisamehewa kuta za ndani. Za nje walizibandua.

Akaacha na mlinzi. Alikuwa kapita wake wa Lusangi, Musafiri, mwenye kikohozi cha watu waliokaa sana chini ya ardhi. Kapita ndiye anayesimama juu ya shimo, anayehesabu wanaoshuka na wanaopanda. Musafiri alikuja na kigoda chake, akatoa salamu kwa kila mmoja, akauliza akae wapi asiwasumbue. Kazi yake ilikuwa kuulinda udongo usiibwe. Lakini udongo ulikuja asubuhi tu, na kufikia mchana ulikuwa umekwisha kuhamishwa. Mchana kutwa hakukuwa na cha kulinda isipokuwa mahali unapotokea. Kwa hiyo alikaa akitazama televisheni.

Mounira alikuwa akichimba upande wa kulia, kwa kuwa mdomo wa shimo uliinamia kulia, na galeri ya kushoto hakujua inaanzia wapi. Alichimba hivyo siku nyingi. Alisikia kwamba kila akielekea kulia Musafiri hukohoa, na akipumzika kikohozi hupumzika. Aliendelea, akisikiliza.

"Yaya," alisema Musafiri alasiri moja, "ule upande ni jiwe tupu."

"Wako upande gani?"

Musafiri alitazama mikono yake. Mama Alain, katika shati la Alain, aliacha kupangusa.

"Kushoto," alisema.

Mounira akageukia kushoto. Ilikuwa vigumu, palikuwa na vizuizi, akagonga ukuta, akarudi nyuma, akagonga tena. Musafiri alijongeza kigoda.

"Lete," alisema.

Hakuwa amewahi kushika maneti. Vidole vyake vilikuwa vizito, na mwanzoni alimfanya mchezaji aruke badala ya kuchimba, Mama Alain akamwambia kwamba hiyo si ngoma. Lakini alipozoea vibonye hakukosea njia hata mahali pamoja. Alipofika kwenye kona aliinamisha kichwa chake mwenyewe, pale juu ya kigoda, kama mtu anayepita chini ya boriti anayoifahamu.

"Hapa iko muti," alisema, na mti ulikuwepo, umesimamishwa kushikilia dari. "Hapa mwingine." Ulikuwepo. "Hapa mwingine." Kisha miti ikaisha.

"Na kule mbele?" aliuliza Mounira.

"Kule mbele PDG alisema tutaweka miti mvua ikiisha."

Mounira akaelewa kwamba aliyeyatoa mashati kwenye mti alikuwa amekaa karibu naye, na kwamba mikono iliyoyatoa ndiyo hiyo iliyoshika maneti. Alifikiri kuinuka. Alifikiri pia kwamba akiinuka, hakuna mwingine anayejua kushoto kunapokwenda. Alibaki ameketi. Musafiri naye alijua kwamba amejulikana, akaendelea kuchimba, jasho likimtiririka shingoni ingawa chumba hakikuwa na joto.

"Nenda kwa imamu," Mounira alimwambia taa ya betri ilipogeuka nyekundu. "Neno moja tu. Useme uliwaona wakishuka."

"Niko na watoto, yaya. Na ile PDG si mutu wa kuchezea. Kuchimba, nitachimba. Kusema, hapana."

"Uliyapeleka wapi? Mashati."

"Yeye alisema niyachome. Niliyafukia. Kuyachoma sikuweza."

Mama Amisa alikuwa mlangoni na alikuwa amesikia yote. Alikwenda jikoni, akarudi na sahani ya wali, akamwekea Musafiri juu ya kigoda. Haikuwa sahani ya Ayoubu. Ya Ayoubu ilikuwa kwenye kabati, imefunikwa. Musafiri alikula kidogo, akashukuru, akatoka akikohoa.

Tangu siku ile yeye ndiye aliyechimba. Kila baada ya adhuhuri alinawa mikono, akapewa maneti. Asubuhi udongo ulikuwa mwingi zaidi, na watu wa PDG uani walifurahi. PDG alisema kapita wake anaulinda vizuri.

Hivyo ndivyo yalivyofika mawe meupe. Mounira alimaliza kutoa udongo wa asubuhi ile adhuhuri ilipokaribia, akafagia, akanyunyiza maji kuzuia vumbi, akaenda kusali. Aliporudi Musafiri alikuwa amekwisha kukaa. Mama Alain alimkabidhi maneti iliyopanguswa. Mama Amisa alikaa kwenye benchi na shati la buluu mapajani, kama afanyavyo siku hizi zote. Vijana wa mpira walikuwa wamehamia nyumba nyingine ya mchezo kwa heshima, na pia kwa sababu hawakuona dalili ya joka.

Musafiri alichimba muda mrefu. Kisha jembe likagonga mwamba mmoja mpana, na mwamba ukagongwa kutoka upande wa pili.

Aliacha kuchimba. Ukagongwa tena. Chini kwenye kioo cha televisheni kikatokea kile kisanduku ambamo mchezo huandika maneno ya watu. Maneno yalikuwa ya Kasongo kabisa.

"Nani iko juu?"

"Kimeandikwa nini?" aliuliza Mama Amisa, ambaye hakujua kusoma.

"Anauliza nani iko juu."

"Nani anauliza?"

Jina lilikuwa juu ya kisanduku, mahali pa jina. "Ayoubu," alisema Mounira.

Mama Amisa alitikisa kichwa kukubali. "Anaongea."

"Huko anaongea, mama."

"Na huku?"

"Huku sijue."

Mchezo hutoa majibu yake, mchezaji huchagua. Safari hii ulitoa moja tu, "Ni sisi," na Musafiri akalibonya. Mama Alain alisogea karibu na televisheni mpaka pua yake ikaugusa ule ufa. "Umuulize kama wako na Alain," alisema. Mounira alimweleza kwamba mchezo hauruhusu kuuliza, unaruhusu kujibu. "Basi ni kama serikali," alisema Mama Alain. Akabaki pale pale, mkono mmoja ukishika kola ya shati.

Maneno mengine yakaja, polepole, herufi baada ya herufi.

"Tuko wote. Alain amelala. Yaya, huko juu wanajua tuko huku?"

Mounira aliyasoma kwa sauti, kwa ajili ya mama yake. Chini yake yakajipanga majibu. La kwanza lilikuwa "Wanajua." La pili lilikuwa "Hawajue." La tatu halikuwa na maneno, ilikuwa alama ya kunyamaza.

Aliyeshika maneti alikuwa Musafiri. Hakuna aliyemwomba airudishe. Uani maji yalisikika yakipita kwenye mfereji, na mabeseni yakitikiswa, mawe meupe yakikwaruza chini. Pikipiki ya PDG iliingia ikazimwa. Kishale kiliteremka kwa kidole cha Musafiri mpaka kwenye lile jibu la kunyamaza, kikakaa. Mama Amisa hakujua majibu ni yapi, na Mounira hakumsomea. Alikuwa akimtazama yule kapita usoni, bila hasira, kama mtu anayengoja maji yachemke.

Kishale kikapanda. Kikapita la pili. Musafiri alibonya la kwanza.

"Wanajua."

Kisanduku kikafutika, kikaandika:

"Basi tutangoja."

Taa ya betri ikageuka nyekundu. Musafiri alijaribu kuupiga ule mwamba mara moja, mara mbili, ukatoa kipande kidogo kisichotosha kupitisha mkono. Picha ikaanza kufifia. Mounira akamshika begani, akamwambia ahifadhi kwanza, maana wakipoteza hapa watarudia kuanzia mizizi. Akahifadhi. Televisheni ikazimika, wakajiona wote wanne kwenye kioo chake cheusi, na ule ufa kando yao.

"Kapita!" PDG aliita kutoka uani. "Udongo?"

"Iko salama, PDG," alijibu Musafiri.

Alisimama, akakunja kigoda chake. Akakitia kwapani.

"Utapita kwa imamu?" Mounira aliuliza.

"Hapana, yaya."

"Utakuja kesho?"

"Nitakuja. Ni kazi yangu kulinda udongo."

Akatoka. Walimsikia akikohoa uani, na PDG akimwambia anywe asali. Mama Alain alitoa kitambaa, akaanza kupangusa maneti. Mama Amisa alikunja shati la buluu, akaenda jikoni kupakua, na siku ile aliongeza kipande cha samaki juu ya wali kabla hajaufunika, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba Ayoubu anangoja.

Mounira aliyakung'uta magunia matupu, akayapanga. Alikagua waya wa sola, akaukaza mahali ulipolegea. Alifunika televisheni kwa kitenge. Mwishoni alichukua beleshi, akaliegemeza nje ya mlango, mahali ambapo udongo wa asubuhi hautalifunika.